Ndala Nyuma ya Saksafoni

Haya yalimkuta shangazi yangu Zuena pale Temeke, miaka ile ya Ujamaa, sukari ikipatikana kwa foleni. Mumewe, Sadallah, alikuwa fundi wa mitambo ya sauti, mtu mpole, mpenda jazi kuliko chakula. Alirudi kutoka masomoni Ujerumani na hedifoni kubwa nyeusi na hamu moja: kurekodi bendi ili msikilizaji ajione ameketi katikati yao.

Alimwomba Leonardi, mchonga vinyago, amchongee kichwa cha mtu, kisha akapachika maikrofoni katika kila sikio. Jumamosi asubuhi akakiweka katikati ya ukumbi wa baa, wanamuziki wakakizunguka kwenye viti. Mlango ukafungwa kwa komeo. Wakapiga wimbo mmoja, mrefu.

Nyumbani akamvisha shangazi hedifoni. Shangazi akacheka kwa mshangao. Saksafoni ilikuwa kulia kwake, karibu mno hata alimsikia mpulizaji akimeza mate. Gita kushoto. Dramu mbele. Halafu, nyuma yake kabisa, akasikia ndala zikiburuzwa.

"Baba Tunu, nani alikuwa anatembea?"

"Hakuna. Wote walikaa."

Kesho yake Sadallah akasikiliza mwenyewe. Ndala zilizunguka polepole, zikasimama penye sikio la kushoto. Mtu akavuta pumzi, kama anayetaka kusema. Mkanda ukaisha.

Akaurudisha mwanzo. Wimbo uleule. Saksafoni ileile. Lakini safari hii pumzi ile ilikuwa na neno, kwa sauti ya mwanamke.

"Sogea."

Akaacha kwenda kazini. Akaacha kula mezani. Shangazi alimsihi autupe ule mkanda, naye akamjibu kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kusikiwa, "Bado hajamaliza kusema, Mama Tunu. Kila nikirudia anaongeza."

"Anasemaje?"

"Anasema nisogee, akae."

Tangu hapo akawa anakaa upande mmoja wa kiti. Kitandani alilala ukingoni. Katikati yao paliachwa nafasi, na shangazi aliapa kwamba godoro pale lilikuwa limebonyea.

Mchana mmoja shangazi alitoka sokoni, akamkuta ameketi chumbani, hedifoni kichwani. Mkanda ulikuwa unazunguka. Mumewe alikuwa amekaa katikati ya kiti, ameenea vizuri, anatabasamu.

Shangazi akamvua hedifoni. Hakupinga. Akajivisha.

Bendi ilikuwa inapiga. Saksafoni kulia. Gita kushoto. Ndala hazikuwepo. Mbali nyuma yake, nyuma hata ya ukuta wa ule ukumbi, mtu alikuwa analia.

"Mama Tunu. Mama Tunu, niko huku. Geuka."

Ilikuwa sauti ya mumewe.

Shangazi akageuka. Ukuta mtupu. Akamtazama mume aliyekuwa mbele yake. Midomo yake ilikuwa imefumba. Kisha ikafunguka.

"Zuena," akasema kwa upole. "Kaa."

Katika ndoa yao yote, Sadallah hakuwahi kumwita kwa jina.

Shangazi alichukua kiberiti achome ule mkanda. Hakuweza. Angemchoma nani? Akaufungia sandukuni, na kila yule bwana alipotoka, aliutoa akasikiliza. Alimjibu mumewe kwa kunong'ona, akamwambia Tunu ameanza shule, Tunu ameolewa. Sauti ile haikumsikia. Iliita tu, na kila mwaka ilisikika kutoka mbali zaidi, mpaka ikabaki saksafoni.

Yule bwana aliishi naye hadi uzee. Alikuwa mwema, hakuwahi kumpiga wala kumkaripia. Jazi ikipigwa redioni, alitoka nje.

Alipofariki, baba yangu, Mfaume, ndiye aliyemwosha. Alirudi kutoka chumba cha maiti, akamwita dada yake kando, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Zuena, mumeo alitogwa sikio lini?"

"Hajawahi kutogwa."

Baba akafungua kiganja. Palikuwa na kipande cha uzi mweusi, wa aina wanayofungwa wasichana masikioni tundu lisizibe. Alikuwa ameutoa kwenye sikio la kushoto. Fundo lake lilikuwa bado bichi, kama limefungwa asubuhi ile.