Aliyeitika Katika Chumba cha Mitambo

Harufu ilitangulia mkutano. Asubuhi moja ya Julai Bonifasia Kapinga alifungua chumba cha mitambo, akakuta kinanuka usipa mbichi, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na mchanga uliolowa, ilhali ofisi ile ilikuwa Mbinga mjini, juu milimani, na ziwa lilikuwa mbali kule chini. Aliinama, akagusa sakafu. Ilikuwa kavu.

"Ni baridi tu," alisema Sebastian Ndimbo, fundi mkuu, kisha akashikwa na kikohozi chake.

Kikohozi hicho kilijulikana na kila mtu katika kampuni ile ya kahawa, mojawapo ya kampuni za watu binafsi zilizoingia wilayani baada ya soko kufunguliwa. Kilikuwa cha majimaji, kama cha mtu aliyeopolewa ziwani. Hospitali hawakuona kitu. Bonifasia ndiye aliyemletea chai ya tangawizi. Sebastian naye alikula kwake kama ndugu, na bibi yake Bonifasia alipofariki huko Namswea, alikesha matangani mpaka mwisho.

Mwaka ule wa 2002 walikuwa wakipanga kubadilisha programu iliyosimamia kompyuta zote za kampuni, za Mbinga, Songea na Mbamba Bay. Hiyo ndiyo iliyoonyesha kompyuta ipi inafanya kazi na ipi imekufa, na nani aruhusiwe kuingia. Toleo lao lilikuwa la zamani sana, lakini kwa miaka kadhaa halikuwahi kukwama, hata umeme wa Mbinga ulipokatika ovyo. Watu wa Songea walishangaa.

Mkutanoni meneja, Praygod Massawe, aliuliza ni nani atakuwa msimamizi mkuu wa toleo jipya.

"Bonifasia," alijibu Sebastian upesi. "Mimi kifua hiki kitawatia hasara, bosi."

"Mzee anakimbia kazi!" alitania Lidia wa uhasibu, na watu wakacheka.

"Nakimbia," alisema Sebastian. Yeye hakucheka.

Bonifasia alimshika mkono kwa shukrani. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa.

Siku ya kuhamia ilikuwa Jumamosi, ukungu umefunika madirisha. Data zilikwisha hifadhiwa. Lilibaki jina la msimamizi na neno lake la siri.

"Neno nimekuchagulia mimi," alinong'ona Sebastian. "Halitakutoka kichwani." Akamtajia.

Lilikuwa jina la nyumbani la Bonifasia, alilolirithi kwa bibi yake. Matangani, katika kukesha, yeye na Sebastian walitajiana majina ya kwao. Ofisini hakuna mwingine aliyelijua. Jina hilo silitaji hapa.

"Kaka, hilo si la kuchezea."

"Ndiyo maana hakuna atakayelikisia. Liandike, dada."

Akaliandika. Sebastian akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Harufu ya usipa ikapanda. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja, hata feni, na katika ukimya ule, kutoka nyuma ya kabati la nyaya ambako hapakuwa na nafasi ya kusimama mtu, kikaja kishindo cha maji yakipiga mchanga, taratibu, kisha sauti ya mwanamke mzee, yenye uchovu wa kupanda mlima na mzigo kichwani, sauti aliyoijua tangu akibebwa mgongoni, ikamwita kwa jina lile lile aliloliandika, mara moja tu, na kwa kuwa bibi alimfundisha kwamba mtoto aliyelelewa vizuri haitwi mara mbili, kinywa chake kikajibu kabla akili haijakumbuka kaburi.

"Abee, bibi."

Maji yakamwingia kifuani. Huko kwenye ujia, kikohozi cha Sebastian kikakatika katikati, kama bomba lililofungwa.

Juma lililofuata alishuka Kihagara, kando ya ziwa, kwa shangazi yake Walburga, aliyetibu wenye pepo. Bonifasia alipomsimulia yote, mama yule alitega sikio kifuani pake, kisha akaongea kwa sauti ya chini sana.

"Jina hilo analijua nani mwingine?"

"Sebastian. Ni ndugu yangu, shangazi."

"Ndugu! Mashine zenu zilipokuwa zinakufa kufa, ndugu yako alikuja Lipingo kutafuta jini la kuzilinda. Huku tulimwona. Mlinzi huyo hunywa pumzi ya mwenye kazi. Sasa mmehamisha kazi. Aliita, akaitika nani?"

"Mimi."

"Basi umempokea. Mimi simwezi. Mwite Sebastian kwa jina la kwao. Akiitika mwenyewe, mlinzi huyo atarudi kwake."

Bonifasia alipanda gari la Mbinga mchana ule ule. Alipiga hodi kwa Sebastian. Ndani redio ikazimwa. Akaita jina alilopewa matangani. Akaliita tena, kwa upole, kisha kwa kilio na kikohozi, hadi Gaudiosa, mke wa Sebastian, akatokea upande wa jikoni.

"Acha, shemeji," alinong'ona. "Tangu Jumamosi hamwitikii mtu, hata mimi. Ananijibu kwa mkono. Nilidhani mmegombana."

Pazia likasogea. Sebastian alikuwa amesimama pale, mashavu yamejaa, uso una afya kama wa kijana. Alimtazama moja kwa moja. Kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wake, akakikaza.

Programu mpya haikukwama kamwe. Praygod Massawe aliisifu kila mkutano, mpaka siku alipotangaza kwamba limetoka toleo jingine na lazima wapange kuhama. Jioni hiyo Lidia alimletea Bonifasia chai ya tangawizi, kama alivyozoea.

"Pole, dada Boni. Kunywa ingali moto."

"Ahsante, mdogo wangu." Bonifasia alifuta maji midomoni, akamtazama kwa muda mrefu. "Hivi bibi yako, kule nyumbani, alikuwa anakuitaje?"

Lidia akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akamwambia.