Maiki Iliyochomolewa

Rafiki yangu Verdiana, fundi wa kompyuta, hapendi kuchezewa kazi yake. Alikuwa ameiwekea redio moja ndogo ya Mbulu programu ya kunakili kila kinachorekodiwa na kukihifadhi mtandaoni, akaifunga kwa nywila. Mchana mmoja akakuta humo rekodi mpya ya mtu anayepumua, ilhali studio ilikuwa imefungwa tangu jana. Akawaka.

"Yakubu, nywila umempa nani?" akamfokea mtangazaji.

"Sijampa mtu, dada. Hata ufunguo wa studio unao wewe."

Hakumwamini. Akabadilisha nywila, akaingia studio peke yake, akachomoa maiki na kuitia mkobani. Mara umeme ukakatika. Studio ile haina dirisha, na katika giza lile akaendelea kumtukana Yakubu kwa sauti.

Simu yake ikalia. Kopi mpya ilikuwa imeingia mtandaoni, na kompyuta imezima.

Akaifungua. Akasikia matusi yake, neno kwa neno. Kisha sauti yake mwenyewe ikashuka, ikawa ya adabu, ikasema jambo ambalo hakulisema.

"Shikamoo, bibi."

Zile pumzi zikasogea karibu, zikaitikia, "Marahaba."