Mawe Saba ya Kusawazishia Gari

Kaka yangu alinituma mawe. Ndivyo ilivyoanza. Alinituma kama unavyotumwa chumvi dukani.

"Ora, hebu niokotee mawe bapa. Matano, sita hivi. Gari limelala upande. Nikilala hivi damu yote inakuja kichwani."

"Kichwani kwako kuna nafasi kubwa tu," nikamwambia.

Wifi yangu Keitu alicheka mpaka akaangusha kitunguu alichokuwa anamenya. Kaka Moagi akanirushia kiatu, nikakikwepa, nikaenda.

Jua lilikuwa linazama. Ilikuwa siku yetu ya kwanza Namibia. Wote watatu tulikuwa hatujawahi kutoka Afrika Kusini, sisi ni watu wa Galeshewe, Kimberley, safari yetu ndefu ilikuwa mazishi ya mjomba. Moagi anaendesha malori ya mgodini. Alimwoa Keitu kwa msajili, bila sherehe, bila hata keki, akamwahidi siku moja atamtembeza kwenye gari la kulala kama wazungu. Miaka miwili alidunduliza. Mimi nilibebwa kwa sababu nilikuwa nimeacha shule, na mama alisema nikibaki nyumbani peke yangu atakuta nimeshaolewa na kondakta.

Gari tulilikodi Windhoek mchana ule. Kijana wa pale, Haufiku, alitufundisha lisaa lizima. Hii pampu ya maji. Hapa mnafungua gesi, hapa mnafunga. Jioni msiendeshe, tandala wanaruka barabarani. Mwisho akatuonyesha vipande vya plastiki, vya njano, vimekatwa kama ngazi.

"Hivi vya kuweka chini ya tairi gari likilala upande. Tumieni hivi hivi."

Moagi alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Haufiku alipogeuka, kaka akavitoa, akavificha nyuma ya tangi la maji pale pale uani, ili kreti la bia lienee.

"Kaka, si amesema..."

"Dogo, mimi naendesha lori la tani arobaini. Plastiki ya nini."

Basi tukafika tulipofika, pembeni ya korongo kavu, kambi yenyewe bado mbali, giza linakuja. Gari likalala upande. Plastiki iko Windhoek. Na mimi nimetumwa mawe.

Pale korongoni kulikuwa na mchanga tu. Nikarudi kuelekea barabara ya changarawe, hatua kama mia. Nikaliona.

Lundo la mawe.

Lilinifika kiunoni. Mawe yote bapa, yote ya ukubwa wa mkono, kama mtu kayachagua. Nikasema moyoni, leo Mungu kaniona mvivu kanionea huruma.

Halafu nikaona matawi.

Juu kabisa kulikuwa na matawi ya mgunga, mabichi. Yamevunjwa siku hiyo hiyo, utomvu bado unachuruzika. Katikati ya mawe kulikuwa na kifungo cheupe cha shati. Na tulikuwa hatujapita nyumba, wala mbuzi, wala mtu, kwa zaidi ya saa moja.

Kulinukia mvua. Vumbi likiwa limelowa, ile harufu. Lakini ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame.

Sitaki kusema uongo. Nilijua. Bibi yetu alikuwa akipita kwenye lundo la namna hii anaokota jiwe, analitemea mate, analiweka juu. Usipoweka, safari inakukataa. Kuweka nilifundishwa. Kutoa hakuna aliyenikataza, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba atatokea mtu wa kutoa.

Nikatoa. Saba. Nikayafunga kwenye jaketi.

Yalikuwa ya moto. Nikasema ni jua.

"Umeyapata wapi mazuri hivi?" Moagi akauliza.

"Chini. Yamezagaa tu."

Akapanga sita chini ya matairi ya upande wa kushoto, akalipandisha gari taratibu. La saba likabaki, akalitupa karibu na moto. Keitu akaweka yai juu ya meza ndani ya gari. Yai likatulia. Tukapiga makofi. Tukaona sasa sisi ndio watalii wenyewe.

Moagi akachoma soseji. Keitu akawa anamtania, eti soseji zimeungua kama moyo wa mwanamke aliyesubiri keki miaka miwili. Kaka akasema kesho atamnunulia keki, ya mchanga. Nilikaa mlangoni mwa gari, nimeegemea, nimeshiba harufu kabla ya chakula.

Ndipo nikalisikia yai.

Lilikuwa linabingirika. Taratibu... krrr... krrr. Nikageuka. Meza iko sawa, gari liko sawa, yai linakwenda. Likafika ukingoni. Likaanguka.

Tok.

Siyo yai. Hiyo ilitoka juu ya paa.

Tok.

"Nyani," akasema Moagi.

"Hapa kuna mti gani wa nyani?" Keitu akamuuliza.

Kimya. Hata moto uliacha kupasuka. Halafu kutoka upande wa barabara, sauti ya mwanaume. Ya chini. Imetulia.

"Nani kachukua?"

Kitswana. Kitswana cha kwetu kabisa, kile cha bibi, chenye kuvuta maneno.

Moagi akavaa tochi ya kichwa. Akaokota lile jiwe la saba, mtu asitoke mikono mitupu. "Wewe Keitu ingia ndani, funga. Ora, nawe ingia."

Sikuingia. Nilimfuata. Nilijua huyo mtu anamuuliza nani.

Alikuwa amekaa. Lundo lilikuwepo, na mbele yake kulikuwa na shimo, jeusi, la mduara kama kisima. Naapa jioni halikuwepo. Mtu yule amekaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani, peku. Shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Kifungo kimoja hakipo. Tochi ya kaka ilimpiga usoni, mimi nilimwona usoni, na mpaka leo uso wake siukumbuki.

"Nani kachukua mawe yangu?"

Neno lilikuwa hapa. Kwenye ulimi. Mimi. Neno moja tu.

Nikanyamaza.

"Mimi, mzee," akasema Moagi. "Utusamehe. Sisi wageni. Tutayarudisha sasa hivi."

Kaka yangu ndivyo alivyo. Nilipovunja kioo cha jirani nikiwa na miaka saba, yeye ndiye aliyechapwa.

Yule mtu akamtazama. Akanitazama mimi. Akatabasamu.

"Umechukua wewe?"

"Nimeshasema."

"Basi nirushie moja. Tumalizane."

"Mimi sirushii watu mawe, mzee."

"Mke wako anatazama kule garini. Atasema aliolewa na nani?" Akacheka kidogo. "Bila keki."

Nyuma yetu taa kubwa za gari zikawaka. Keitu ndiye aliyewasha. Kivuli cha kaka kikarefuka mpaka shimoni.

"Nirushie."

Moagi akacheka, kile kicheko cha aibu. Akalirusha. Polepole, chini kwa chini, kama unamrushia mtoto mpira.

Sikuliona likirudi. Nilisikia tu.

Kwaa.

Meno. Meno ya mbele mawili yalidondoka changaraweni, meupe, moja likanigonga mguuni. Moagi akashika mdomo. Damu ikapita katikati ya vidole. Na jiwe lilikuwa mkononi mwake. Lile lile. Mkono wa kulia, limekaa vizuri.

Yule mtu alikuwa hajanyanyua hata kidole.

"Hilo la utani. Nirushie la kweli."

"Kaka acha," nikanong'ona. "Kaka twende."

Hakunisikia. Nilimwona shingo imevimba. Akarusha kwa nguvu zake zote, nguvu za mtu anayefungua matairi ya lori kwa mkono.

Likarudi na nguvu hizo hizo.

Jicho la kushoto. Sitaki kueleza mlio wake. Alipiga magoti, akatapika, akasimama. Jiwe mkononi.

Akarusha. Taya likaenda upande.

Akarusha. Sikio likaning'inia kwa ngozi.

Kila mara nilitaka kusema. Ni mimi, mwache, ni mimi. Mdomo wangu ulikuwa umekauka kama gamba. Nyuma huko Keitu alikuwa anapiga honi na kulia, "Moagi, acha. Moagi, acha, nakuomba." Nilishangaa kwa nini anamwambia yeye aache.

Akarusha. Mkono wa kushoto aliouinua kujikinga ukavunjika, mfupa ukatoka nje ya ngozi, mweupe kwenye taa.

Nikakimbia.

Nilikimbilia gari. Mawe yako chini ya matairi, na gari limeyakalia, huwezi kuyang'oa. Nikamsukuma Keitu kwenye kiti cha pili, nikatia gia. Kuendesha nilijifunza kwenye uwanja wa malori, kwa kuiba. Gari likaruka, likashuka mawe, vyombo vyote ndani vikamwagika, sufuria ikampiga Keitu begani. Nikaruka chini. Nikayazoa sita kwenye jaketi. Sasa hivi yalinichoma. Mpaka leo nina malengelenge yaliyokauka kifuani.

Nikarudi mbio. Nikaanza kuyaweka juu ya lundo. La kwanza likateleza likaanguka. Nikaliweka tena. Likaanguka.

Nikakumbuka mate.

Sina mate. Hata tone. Nyuma yangu... kwaa. Moagi akatoa sauti kama ya ng'ombe.

Nikauma ulimi wangu. Nikauma mpaka meno yakakutana. Nikatema damu juu ya jiwe, nikaliweka. Likakaa.

La pili. Likakaa. La tatu. La nne. La tano.

La sita.

Kimya.

Nilipogeuka hakukuwa na mtu. Hakukuwa na shimo. Kaka yangu alikuwa amelala kifudifudi kwenye changarawe, mgongo unapanda na kushuka kidogo sana. Ngumi ya mkono wa kulia imefungwa. Ndani ya ngumi kuna jiwe la saba.

Nilijaribu kufungua vile vidole. Keitu alikuja akajaribu. Tulijaribu kwa ncha ya kijiko. Havikufunguka.

Tulimpeleka hospitali ya mji wa karibu, Keitu anaendesha analia, mimi nimemshika kichwa nisione ndani yake. Daktari alimshona, alimfunga taya kwa waya, jicho akalitoa. Vidole hakuviweza. Alisema ni mshtuko, vitafunguka vyenyewe.

Polisi walimuuliza Keitu kwanza. Mimi nilikuwa nje ya pazia, nasikiliza.

"Huyo aliyempiga alikuwaje?"

"Hakukuwa na mtu," Keitu akasema. "Niliwasha taa. Niliona kila kitu. Moagi alikuwa anarusha jiwe juu. Juu kabisa, angani. Halafu anasimama pale pale, anainua uso... anasubiri lishuke."

Polisi akauliza. "Hakuwa akiongea na mtu?"

"Alikuwa na dada yake. Ora. Amekaa chini mbele yake, miguu anaichezesha." Sauti ya Keitu ikakatika. "Yeye ndiye aliyekuwa anamwambia. Nirushie. Nirushie. Kwa sauti ya kiume."

Polisi hawakunishika. Ulimi wangu ulikuwa umeshonwa nyuzi nne, nilikuwa siwezi kuongea, na daktari aliwaambia nimechanganyikiwa. Wakaandika ajali.

Gari tulilirudisha. Haufiku alipanda ngazi kukagua paa, akakaa huko juu muda mrefu. Akashuka. Akaokota vile vipande vyake vya njano, alivyovikuta nyuma ya tangi la uani.

"Mligongwa na nini?"

"Mawe," Keitu akasema.

"Mawe yanabonyeza paa kwenda ndani, dada." Alinitazama mimi, akarudi nyuma hatua moja. "Hii imepigwa kutokea ndani."

Keitu hakurudi Galeshewe na sisi. Aliteremka kwa dada yake Upington na begi moja. Hakuniaga. Nilimwona anavyonitazama kwenye kioo cha basi, nikaacha kumpungia.

Hiyo ni miezi mitano sasa.

Moagi anatembea. Anakula uji kwa mrija. Haongei, mama anasema ni taya. Ila kuanzia mwezi wa pili tangu turudi alianza kuchimba. Nyuma ya nyumba, kwa mkono mmoja, na kikombe cha bati. Mama alifurahi, akasema mgonjwa akipata kazi anapona. Anachimba shimo la mduara. Siku hizi limemfika shingoni. Jioni anatoka, anakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Anavaa shati jeupe, analifunga mpaka shingoni.

Ngumi bado imefungwa.

Juzi watoto wa jirani walikuja kwa mama yangu wanalia. Wanasema mjomba Moagi anawaita uzioni. Anawaambia wamrushie mawe.

"Anaongea?" mama akauliza, anatabasamu, machozi yanamtoka. "Mwanangu anaongea?"

Mimi sikutabasamu.

Jana jua likizama nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimechoka kinoma. Miezi mitano nabeba neno moja. Alikuwa amekaa pale pale, amenipa mgongo. Kulinukia mvua, na mvua Kimberley hatujaiona tangu Krismasi.

Nikasimama nyuma yake. Ulimi ulikuwa mzito.

"Kaka. Ni mimi niliyechukua."

Hakugeuka. Nikasikia kitu kidogo, ka... ka... ka... kama vijiti vikavu. Vidole. Vilikuwa vinafunguka, kimoja kimoja.

"Najua," akasema. Kitswana cha bibi, chenye kuvuta maneno. "Nilikuwa nangoja useme."

Akaninyooshea mkono. Jiwe lilikuwa limekaa katikati ya kiganja, bapa, limemeza damu limekuwa jeusi.

Nikalipokea. Lilikuwa bado la moto.

Akainuka, akaenda upande wa pili wa shimo, akainua uso wake, jicho moja na tundu moja.

Akanionyesha nikae pale alipokuwa amekaa.