Akinisi na Bolti ya Klachi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, katika kijiji chao cha pwani ya kaskazini ya mbali, Akinisi, msichana wa miaka kumi na tatu, aliondoa theluji mlangoni kwa sepetu, kisha akamchemshia chai bibi yake, Bibi Lisi. Wiki ile alijiongezea kazi nyingine ambayo hakutumwa na mtu: kuifuta pikipiki mpya ya theluji ya Mjomba Putulik hadi ing'ae. Jumamosi yeye ndiye angeiendesha kuvuka ghuba iliyoganda, mpaka kwenye ziwa la samaki. Mara yake ya kwanza!

"Imeshamaliza zile kilomita za mwanzo za kuizoesha," mjomba alimwambia Ijumaa, akimpa spana ya kipimo, ile inayolia bolti ikishakazwa vya kutosha. "Mashine ikiwa mpya bolti hulegea. Kaza ile ya klachi mpaka spana ilie 'ka!', kama nilivyokuonyesha."

"Hiyo ndogo, Mjomba!"

Akinisi alifungua ubavu wa mashine, akaigusa bolti kwa vidole. Ilionekana imara. Huko nje binamu yake Jusipi alikuwa akimwita wakateleze kilimani. Akafunga, akakimbia. Jioni mjomba alipouliza, alijibu bila kumtazama, "Tayari. Ililia ka!"

Jumamosi jua liliwaka juu ya theluji hadi macho yakauma. Familia nne zilijipanga ufukweni, injini zikinguruma, mbwa wakibweka. Bibi Lisi aliketi kwenye sleji, kitoroli cha kuburutwa kwenye theluji, iliyofungwa nyuma ya pikipiki mpya, amejifunika ngozi, akicheka kama mtoto.

"Twende, dereva wangu! Samaki watachoka kutungoja!"

Akinisi alishika usukani, moyo ukimdunda kwa furaha. Akageuka kumtazama bibi, kisha akaitazama barafu mbele yao, kilomita sitini bila nyumba hata moja. Akazima injini.

"Vipi tena?" Jusipi alimcheka. "Umeogopa? Shuka niendeshe mimi!"

"Mjomba," Akinisi alisema. "Sikuikaza ile bolti. Nilikudanganya."

Kicheko cha Jusipi kilikatika. Familia nyingine zilikuwa zimeshaondoka, zikipunga mikono. Mjomba alileta spana, akaizuia klachi isizunguke, akamwachia Akinisi kazi.

Akinisi alivuta. Bolti ikazunguka. Akavuta tena, nayo ikazidi kuzunguka, karibu nusu mzunguko, ndipo spana ikalia: ka!

"Lo!" Jusipi alinong'ona. "Ilikuwa imelegea hivyo?"

Wakaondoka, Akinisi akiendesha, Mjomba na Jusipi wakifuata kwa pikipiki nyingine. Theluji iliruka pande zote mbili kama unga, na Bibi Lisi alipiga vigelegele kila walipopanda tuta. Kabla ya saa sita waliwafikia wenzao ziwani.

Walipokuwa wakinywa chai kando ya tundu walilotoboa kwenye barafu ili kuvua samaki, mjomba alimsogelea.

"Klachi ingeng'oka katikati ya ghuba, mama yangu akiwa nyuma yako," alisema taratibu. "Kazi isiyoonwa na mtu ndiyo inayotufikisha salama, mpwa wangu, kwa hiyo usiiruke. Na ukikosea, sema mapema, hata kama watu watakucheka. Leo umesema, na ndiyo maana tupo hapa."

Akachukua spana, akamwekea mkononi.

"Pikipiki ile pale ya shangazi yako, aliyetutangulia, nayo ni mpya. Haya, kaikague."

Akinisi aliacha kikombe chake kwenye theluji, akatimua mbio.