Kufuli Aliloliondoa Mwanvita

Nyumba wanayoishi kina Mwanvita, mtaa wa Chamwino, ina wapangaji wengi na bafu moja. Anayeoga hutundika kanga mlangoni, na anayeiona husimama na ndoo yake akangoja. Hata watoto wadogo wanaijua sheria hiyo. Mwanvita aliijua pia, ila kungoja kulimtoa roho.

"Mama Shakila, bado tu? Maji yangu yanapoa!" alipaza sauti Jumamosi moja asubuhi.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu!" sauti ilimjibu kutoka bafuni. "Niache nijisugue miguu."

Zamu yake ilipofika alijimwagia maji mbio mbio, akavaa sare na kushika njia ya shuleni. Siku hiyo kikundi cha kompyuta kilikuwa na mazoezi ya mwisho. Jumatatu wazazi wangekuja kuona kazi zao, na baba wa mwanafunzi mwenzake Abel, fundi wa kiwandani, alikuwa ameomba ruhusa kazini ili amwone mwanawe akisimama mbele za watu.

Mwanvita na Abel walitengeneza picha ya milima ya Uluguru yenye mawingu yanayotembea. Ndani ya kompyuta, kazi moja ilichora mlima na nyingine ilichora mawingu, zote kwa wakati mmoja. Kila kazi iliomba nafasi ya kuweka vitu vyake katika kumbukumbu ya kompyuta, ambayo imegawanywa vyumba vyumba. Mwalimu Filomena aliwafundisha kuweka kufuli, yaani amri ndani ya programu: kazi moja ikiingia, nyingine ingoje nje ya vyumba vyote. Lakini picha ilijikokota kama kinyonga. Ijumaa, Abel alipotoka kwenda kunywa maji, Mwanvita alilifuta kufuli. Mawingu yakakimbia! Alifurahi mno, wala hakumwambia mtu.

"Shikamoo, Mwalimu," Mwanvita na Abel walisema walipoingia darasani Jumamosi hiyo.

"Marahaba. Haya, nionyesheni mlima wenu."

Abel akawasha. Mlima ukatokea na kipande cha wingu tumboni, kilele hakipo. Wakajaribu tena, ukatokea mzima. Mara ya tatu ukatokea umekatika nusu. Mwalimu akakunja uso.

"Nani amegusa programu hii?"

Mwanvita akawahi kujibu. "Abel ndiye aliyefunga kompyuta jana," alisema. Maneno yenyewe yalikuwa kweli, lakini alijua anadanganya.

"Mimi? Mimi nilizima tu!" Abel alisema, machozi yakimlengalenga.

"Kama hujui kilichotokea, Abel, huwezi kuwaeleza wazazi," alisema Mwalimu kwa masikitiko. "Jumatatu ataeleza Mwanvita peke yake. Sasa sogeeni, tutafute kosa."

Akaiagiza programu iende polepole, hatua moja moja, na vyumba vya kumbukumbu vikaonekana kwenye kioo kama viboksi vyeupe. Kazi ya mlima ikachungulia chumba, ikakiona kitupu. Kabla haijaweka kitu, kazi ya mawingu nayo ikachungulia chumba kile kile, ikakiona kitupu vilevile. Mlima ukaingia. Wingu likaingia juu yake, mlima ukafutika.

"Mmeona? Kila moja iliamini iko peke yake," Mwalimu alisema. "Hapa tuna kazi mbili tu. Katika kila kompyuta na kila simu kuna programu kubwa inayosimamia nyingine zote, inaitwa mfumo endeshi. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu. Kufumba na kufumbua, maelfu ya maombi yanafika mlangoni pake, na kila ombi linapata chumba chake bila kumkanyaga mwenzake."

"Maelfu?" Abel alinong'ona. "Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi, wakati wewe unauliza."

Mwanvita alisisimka mwili mzima. Kasha lile la kimya, lililojaa vumbi, kumbe ndani yake kulikuwa na umati mkubwa kuliko soko la Morogoro, na watu wake wote walijua kungoja! Akatazama kiboksi ambamo mlima ulifutika, kisha akamtazama Abel aliyesimama nyuma ya wote. Aliona aibu kubwa.

"Mwalimu," alisema, "Abel hana kosa. Mimi ndiye niliyeondoa kufuli. Nilichoka kungoja. Abel, nisamehe."

Abel alimgeukia. "Baba angekuja bure," alisema. Kisha akakuna kichwa. "Lakini kweli lilikuwa linachelewesha. Kufuli moja kufunga vyumba vyote vile!"

Mwanvita akaruka. "Kwetu anayeoga hufunga bafu tu! Angefunga geti la nyumba nzima, nani angepika, nani angefagia? Mwalimu, tukiweka kila chumba kufuli lake?"

Mwalimu Filomena aliwatazama wote wawili, akavuta kiti. "Kaeni. Tuandike."

Walifanya kazi hadi adhana ya adhuhuri. Abel akawasha tena. Mlima ulisimama mzima tangu chini hadi kileleni, na mawingu yakaupitia kwa wepesi, yakijikusanya na kuachana, bila kuumega hata kidogo. Waliwasha tena na tena, na kila mara ulitokea mzima. Mwanvita alijikuta ameshika mdomo.

"Jumatatu mtasimama wote," alisema Mwalimu. "Na wewe, Mwanvita, utawaambia wazazi jinsi mlima ulivyoharibika na aliyeuharibu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Msisahau jambo moja. Kompyuta tumeiwekea makufuli ili kazi moja isiifute nyingine. Binadamu hana kufuli la namna hiyo, ana ulimi wake tu. Leo asubuhi kwa neno moja ulimfuta mwenzako, na kwa neno moja la kweli umemrudisha."

Abel alisogeza kiti chake, akampisha Mwanvita mbele ya kompyuta. "Njoo," alisema. "Baba atataka kujua yale makufuli yanafanyaje kazi. Tujaribu kueleza."