Shahidi wa Nyarugusu

Prado nyeupe ilipita Makere kana kwamba inakimbia moto.

Winnie Nduwayezu aliilaza Honda yake kwenye kona, akainuka, akakoleza mwendo. Vumbi likampiga kwenye kioo cha helmeti.

"Mzigo uko wapi?" Sauti ya Bazilio, mkuu wake katika kikosi cha kulinda mashahidi, ilisikika kwenye kidude cha sikioni.

"Mbele yangu. Unaelekea Kibondo."

"Upakue. Wasiufikishe."

Mzigo alikuwa Mama Deborah, Mkongo muuza vitenge wa kambi ya Nyarugusu. Ushahidi wake ndio uliomfunga Kanali Serge miaka thelathini, kwa kuchoma kanisa likiwa na waumini ndani. Mahakama ya kimataifa ilitoa hukumu. Nchi moja ya Ulaya ikakubali kumfungia huko kwao. Sasa Kanali alikuwa ameomba hukumu ipitiwe upya, akidai shahidi alidanganya. Majaji walitaka kumsikia Deborah mwenyewe, kwa video, mchana huo, kutoka ofisi ya wakili mjini Kibondo.

Asubuhi Basile, mtu wa Kanali, alimfuata sokoni, akamwonyesha bastola, akampakia kwenye Prado. Alimtaka akiri mbele ya majaji kwamba alitunga yote.

Winnie aliikuta Prado nyuma ya ofisi. Mlangoni alisimama dereva. Akamwendea akiuliza bei ya kugonga muhuri, na jamaa alipofungua mdomo kumjibu, helmeti ilimtua kwenye taya. Akaenda chini.

Ndani, Basile alikuwa akimwambia Deborah kwa upole kwamba vita imeisha na kila mtu anastahili kupumzika, hata Kanali.

Winnie alisukuma mlango. Basile akapeleka mkono kotini.

Glock ya Winnie ilikohoa mara moja. Bastola ya Basile ikaanguka, naye akaifuata sakafuni, ameshika kiganja. Winnie alimfunga pingu kwenye bomba la maji, kisha akamtoa wakili chooni alikokuwa amefungiwa. Mzee wa watu aliwasha kompyuta.

"Winnie," Bazilio aliita. "Gari la pili linaingia mjini. Wana bunduki. Polisi bado wako njiani. Mtoe mama sasa hivi."

Winnie alimshika Deborah mkono. Deborah akauvuta.

"Miye siendi, madamu."

"Mama, watatuua hapa."

"Nikitoka, kesho atasema niliogopa. Yeye anaomba wamupunguzie. Bale ba kanisani, wale aliowachoma, nani aliwapunguzia?" Akavuta kiti, akaketi mbele ya kamera, akajifunga kitenge vizuri. "Wafungulie majaji."

Winnie akagusa kidude cha sikioni.

"Mkuu, mzigo umekataa kupakuliwa."

"Nimekuamuru, Winnie."

Alikichomoa, akakitia mfukoni.

Alisukuma kabati hadi mlangoni. Akasimama dirishani, Glock mkono wa kulia, bastola ya Basile mkono wa kushoto. Nyuma yake Deborah alikuwa ameanza. Aliwataja waliokufa kwa majina yao, taratibu, akianza na mama yake mzazi.

Gari lilipoingia uani Winnie alipasua matairi ya mbele. Risasi zikajibu. Kioo kikamwagika sakafuni. Wakili akajitupa chini ya meza.

Deborah hakugeuka.

Kutoka kwenye spika jaji aliuliza kelele zile ni za nini.

"Ni watu wa Kanali, mheshimiwa," alijibu. "Wamekuja kusikiliza. Niendelee?"

"Endelea, mama."

Akaendelea. Winnie naye akaendelea, risasi moja moja, mpaka ving'ora vya polisi vilipopanda mlima na wale jamaa wakatupa bunduki.

Majaji hawakukaa muda mrefu faraghani. Waliporudi walilitupa ombi. Kanali angetumikia kifungo chake kama kilivyo, na jaribio la kumtisha shahidi lingefunguliwa kesi mpya.

Deborah alimuuliza wakili kama Kanali alikuwa akitazama kule gerezani. Wakili, vumbi limemjaa magotini, alisema ndiyo, mwanzo hadi mwisho.

"Sawa," Deborah alisema. "Amenisikia."

Winnie alichomoa zile bastola risasi, akamkabidhi ofisa wa polisi ile ya Basile, akavaa helmeti iliyobonyea. Simu ililia mfukoni. Ilikuwa namba ya Bazilio.

Aliiacha ilie, akapiga kiki Honda, akashika njia ya Kasulu.