Kosa Lililozikwa Juu

Mvumo ulianza chini kama pumzi ya mtu anayepanda ngazi, ukapanda, ukapanda tena, hadi mlango wa chuma ukatetemeka. Mfagiaji aliyekuwa akipiga deki ukumbini alizima redio yake ndogo bila kuitazama. Haikuwa na faida tena. Shangazi alisimama na mkoba wake begani, akihesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi na nne, mvumo ukakatika.

"Ya nne hiyo tangu asubuhi," mfagiaji alisema, akawasha redio yake. "Inapanda, inakufa. Ingia, Shangazi, wanakungoja kama mgonjwa amngojavyo daktari."

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na dakika tano asubuhi. Mvua ilikuwa haijakoma tangu juzi.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle. Aliuendesha mtambo ule wa kompyuta miaka kumi na miwili, akastaafu, jina likabaki kazini bila yeye. Ndani palikuwa na vichakataji sitini na vinne, vimepangwa makabatini kama mikate, vyote vikigawana hesabu moja: maji ya mto yatafika wapi, na saa ngapi. Mbele ya skrini walisimama watu watatu.

"Saa nane kamili mlinzi wa bwawa anataka namba," Mkurugenzi alisema kabla ya salamu. "Akifungua malango kupita kiasi, nyumba za bondeni zinakwenda. Akifungua kidogo, ukuta wa bwawa unakwenda, na nyumba nazo. Programu ya zamani haiujui mfereji mpya uliochimbwa huko juu. Hii mpya haijengeki, mtambo unagoma kuiunganisha. Na aliyeiharibu ni huyu."

Huyu alikuwa msichana mwembamba, mwandishi wa programu, waliyemwita Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza. Leo alikuwa amenyamaza.

"Kosa limeandikwa kwenye faili lake," alisema Fundi Mkuu, mtu wa miaka hamsini na kitu, shati lake limenyooshwa hadi kola inakata. Alionyesha mstari wa mwisho kwenye skrini. "Mstari wa mia nne na kumi na mbili. Jina lake hili hapa. Mimi nilisimika maktaba mpya ya programu Jumanne, nikaipima, ikafaulu. Alhamisi yeye akaongeza mfereji wake. Ijumaa, matanga."

"Mfereji si wangu, ni wa mto," Chiriku alisema.

"Unaona mdomo huo?"

Shangazi alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. "Mnajenga kwa mikono mingapi?"

"Kumi na sita kwa pamoja," Fundi alijibu. "Ndivyo tunavyojenga siku zote. Tuna haraka."

"Basi watu kumi na sita wanagombana chumba kimoja, nanyi mnamkamata aliyesema mwisho." Akavuta kiti. "Kosa la kwanza ndilo kosa. Mengine ni watoto wake. Jengeni kwa mkono mmoja."

"Itachukua muda," Mkurugenzi alisema.

"Mmepoteza mara nne kwa haraka. Jaribuni mara moja kwa subira."

Safari hii mtambo haukuvuma. Ulinong'ona. Mistari ilipita polepole, na kila mtu aliisoma mmoja mmoja. Saa nne na dakika kumi na tisa lalamiko la kwanza likatokea, hata kabla faili la Chiriku halijaguswa: maktaba ya toleo la nne inatakiwa, imepatikana ya toleo la tatu.

Hiyo maktaba ndiyo iliyoviwezesha vichakataji kusemezana. Bila hiyo ni sitini na vinne vilivyokaa chumba kimoja, kila kimoja kikihesabu mto wake peke yake.

"Haiwezekani," Mkurugenzi alisema. "Folda imeandikwa toleo la nne. Isome."

"Hata chupa ya sumu waweza kuiandika asali, bwana. Tuionje." Shangazi aliandika amri fupi, ya kuiuliza maktaba yenyewe umri wake. Ikajibu bila haya: tatu. Akaandika nyingine. "Folda hii ilitengenezwa Jumanne, saa tano na robo asubuhi, kwa akaunti ya msimamizi. Chiriku, mwanangu, unalo neno la siri la msimamizi?"

"Mimi? Hata la printa wameninyima."

"Nani wanalo?"

Mkurugenzi alikohoa. "Mimi. Na Fundi."

Chumba kilikuwa na baridi kama kawaida yake, lakini jasho lilikuwa limemtoka Mkurugenzi juu ya mdomo. Fundi Mkuu ndiye aliyetangulia kusema, na alisema kwa utulivu.

"Mimi niliweka maktaba ya kweli. Ripoti yangu hii, ina saini." Aliitoa kwenye jalada. "Jumanne, saa tano na nusu hadi saa saba na nusu mchana, majaribio kwa vichakataji vyote sitini na vinne. Yote yamefaulu. Kama kuna mtu aliibadilisha baadaye na kurudisha saa nyuma, sitaki kumtaja mkubwa wangu. Ila Jumatano yeye alikuwa humu peke yake."

"Nilikuja kuchukua mwavuli wangu," Mkurugenzi alisema.

"Dakika arobaini?"

"Niliongea na simu. Mke wangu..." Chiriku alimtazama mkuu wake kwa jicho jipya. Kwa nukta chache ilionekana kama kesi imekwisha: bosi aliyetaka kumwondoa msichana mwenye mdomo, na njia aliyoichagua.

Shangazi aliisoma ripoti mara mbili. Kisha akainuka, akafungua mlango, akamwita mfagiaji, aliyeingia na ufagio wake kana kwamba ni kitambulisho.

"Bibi, Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Hapo hapo ukumbini. Jumanne napiga deki kuanzia saa tano, kisha nasugua madirisha mpaka saa nane."

"Redio ilikuwa inasema nini?"

Mfagiaji alicheka. "Mchezo wa yule mke mkubwa na shamba la mirathi. Sehemu ya mwisho, saa sita mpaka saa saba. Niliusikia wote, hata kile kilio cha hakimu."

"Wote? Hukuzima hata kidogo?"

"Nizime kwa nini? Mitambo ilikuwa kimya kama msiba wa tajiri asiye na ndugu. Ikivuma hii, mimi sisikii hata jina langu."

Shangazi aliikunja ripoti, akaiweka mezani mbele ya Fundi Mkuu.

"Vichakataji sitini na vinne, saa mbili nzima, mchana kweupe," alisema. "Asubuhi hii nimesimama nje ya mlango ule nikausikia ukitetemeka kwa hesabu ya kumi na nne tu. Hukupima kitu, Fundi. Ulichukua maktaba ya zamani ukaibandika jina jipya, ukaandika ripoti kwa kalamu. Ulijua programu ya zamani itaendelea kukubali. Hukujua Chiriku ataandika mfereji kwa lugha ya toleo la nne."

Fundi Mkuu alilegeza kola yake. Ile sauti ya utulivu ilimtoka, akabaki na nyingine, ndogo.

"Nilijaribu mara tatu," alisema. "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Kila mara inajengeka nusu, inatapika makosa nisiyoyajua. Mkurugenzi alikuwa ameshatangaza kwamba Jumanne itakuwa tayari. Nikasema nitabandika hii kwanza, nitaimalizia kimyakimya."

"Chiriku alikuwa chumba cha pili," Shangazi alisema. "Ungemwuliza."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipanya. Ningemwuliza nini?"

"Ulitaka nifukuzwe," Chiriku alisema. Hakupaza sauti.

"Sikutaka. Asubuhi jina lako lilipotokea kwenye skrini..." Fundi alitazama sakafu. "Niliona mlango, nikapita."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Shangazi alisema. "Kumbukumbu za yale majaribio matatu ziko wapi?"

Hakuwa amezifuta. Alizificha kwenye folda aliyoipa jina la mwanawe. Shangazi alizisoma, kidole kwenye kioo, Chiriku akichungulia juu ya bega lake, na wote wawili wakasimama kwenye mstari mmoja.

"Hakufagia," Chiriku alisema.

"Hakufagia. Jumamosi ulianza kujenga kwa kompaila ya zamani, Fundi, ikagoma. Ukaleta mpya, vizuri kabisa. Lakini ukajengea juu ya mabaki yaleyale, nusu vipande vya jana, nusu vya leo. Hata ugali haupikwi kwenye sufuria yenye ukoko."

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Walifuta kila kitu, wakafungua chanzo cha maktaba upya kwenye folda tupu. Chiriku aliandika amri, Fundi alizisoma kwa sauti kabla Chiriku hajazituma. Maktaba ilikamilika saa sita na dakika ishirini na mbili. Walipoiuliza umri, ikajibu: nne. Saa saba kasoro dakika kumi na nane programu ya mto ilijengeka bila neno. Chiriku akabonyeza.

Mvumo ulianza chini. Ukapanda. Mlango ukatetemeka, na nje redio ikazimwa. Shangazi alihesabu mpaka kumi na nne, mpaka mia, kisha akaacha kuhesabu.

Namba zilitoka saa nane kasoro dakika kumi na tatu. Mkurugenzi alinyoosha mkono kuchukua simu, Shangazi akamwahi, akampa Fundi Mkuu.

"Malango mawili," Fundi alimwambia mlinzi wa bwawa. "Robo tatu, uanze sasa hivi. Ukuta utahimili, bondeni maji yataishia barabarani." Hakukata simu. "Na jingine. Ripoti niliyokutumia Jumanne ilikuwa ya uongo. Sikupima chochote. Na leo nilikaribia kumtwika mtu mwingine kosa langu."

Upande wa pili mvua ilisikika ikipiga bati.

"Wanangu wako bondeni, Fundi," mlinzi alisema. "Na hii ya leo, ni ya kweli?"

"Hii nimeisimamia mwanzo hadi mwisho. Chiriku ndiye aliyeiandika."

"Jumatatu tutazungumza habari za kazi yako," Mkurugenzi alisema pembeni.

Fundi aliitikia kwa kichwa, lakini alizungumza na simu, taratibu, ili kila aliyekuwamo asikie.

"Kazi sijui kama nitabaki nayo. Nikibaki, nakuahidi hivi: siku nitakayoshindwa, nitakupigia wewe kwanza nikwambie nimeshindwa, kabla sijamwambia mkubwa yeyote."